Jaribio

Hapa Hamilton genge la miamba wanaliita mlima.
Mimi niliyezaliwa Usangi,
niliyepanda Upareni na mkungu wa ndizi kichwani
kabla ya kengele ya shule,
nilicheka basi lilipoumaliza kwa dakika nne.
Sicheki sasa. Hospitali iko juu,
na vidato vitatu vya basi vinanidai pumzi
kama mwenye duka anavyodai deni: mbele za watu.

Daktari Hrycay ameweka fomu mezani.
Kurasa ishirini na sita.
Miaka kumi na moja nimekula kwa kazi hii,
kuwakalimania wagonjwa,
mama, anasema ni uvimbe, mama, anasema pole,
nikitoka nanawa mikono, nanunua maziwa, naenda zangu.
Leo mkalimani na mgonjwa wamekalia kiti kimoja
na hakuna anayemwamini mwenzake.

Neno lao nalijua. Letu ni jaribio.
Lakini jaribio ana ndugu yake, jaribu,
na tangu nina meno ya maziwa nimeomba niepushwe naye.
Haya, naingia kwa miguu yangu.

Wao huo mlango wameupa jina la Kilatini,
baridi kama koleo la chuma.
Sisi tunasema mlango wa kizazi.
Wawili walipita hapo: Namkunda, kwa kelele,
na yule wa kimya, tuliyemzika Mwanga bila jina.
Barua za uchunguzi zilikuja tatu.
Nilizitupa pamoja na matangazo ya pizza.
Sasa amekuja asiyebisha hodi,
amepita mlangoni hadi ini, hadi mapafu,
anafungua makabati
kana kwamba kodi analipa yeye.

Dawa za kwanza zilishindwa.
Za pili zilishindwa kwa adabu zaidi.
Hii ya tatu ni mimi mwenyewe:
watakata kipande cha uvimbe,
watafute ndani yake seli zangu za kinga,
zile zilizokuwa zinapigana bila kulishwa,
wazilee maabara wiki tatu,
zikifika mabilioni wazirudishe mshipani.
Nakijwa, dada yangu, aliuliza mara mbili kwenye simu,
kisha akasema: kumbe ni kama kumpeleka mtoto kwa bibi
kuachishwa ziwa.
Ndiyo. Arudi amenenepa.
Akanyamaza. Na akirudi hamjui mama?

Swali hilo liko ukurasa wa kumi na tisa,
kwa maneno marefu zaidi.

Nilimuuliza daktari: wangapi?
Ishirini na wawili wameingia kabla yako, alisema.
Kwa saba, uvimbe ulinywea.
Kwa wawili hatuuoni tena.
Na waliobaki?
Hakutazama dirishani. Alinitazama mimi.
Nilimpenda kwa kutotafuta methali.

Namkunda alichanjwa shuleni, darasa la saba.
Alirudi amenuna, mkono umevimba,
anataka barua ya kumwepusha na mazoezi.
Mlango wake ulitiwa komeo kwa sindano mbili,
na fomu ile niliisaini bila kuisoma,
huku nakaanga vitunguu.

Hii nimeisoma yote.
Nimesaini. Halafu nikaomba penseli,
kwa sababu ghorofa ya pili kuna mama wa Kivu,
Kiingereza hana, na picha zake zinafanana na zangu.
Walipoandika mshiriki, pembeni nimeandika mtu.
Walipoandika unaweza kujitoa wakati wowote,
nimeandika: kweli, hata asubuhi yenyewe, hawagombi.
Na ukurasa wa tisa, penye homa kali na baridi,
nimeandika: utatetemeka.
Blanketi ziko kabati la kushoto, la chini.
Omba mbili. Usione haya.