Daftari la Kolka

Saa moja kasoro robo, giza bado limejibanza kwenye misonobari.
Nimevaa koti la reli, lile la stesheni;
vifungo viwili vimebaki, cha tatu ni pini.
Miaka thelathini na minne niliandika
garimoshi lililoingia, lililotoka, lililochelewa na kwa nini.
Ndege nao nawaandika vivyo hivyo:
saa, upepo, wangapi, wanakoelekea.

Usiku kucha mikesha wamepita juu ya paa
wakiitana wasipotezane.
Jina lao ndiyo kazi yao.
Hao nawasikia bado.

Ila kichwadhahabu nimempoteza.
Kidege chenye uzito wa sarafu mbili,
kimetoka Ufini kikavuka maji usiku mmoja
bila kituo, bila tiketi,
na sauti yake nyembamba kuliko uzi
unaotafuta tundu la sindano.
Daktari wa Talsi alinionyesha mstari kwenye karatasi:
hapa, Bibi Skaidrīte, ndipo unapoishia.
Nikamwambia sikio langu si sikio la kufa,
limestaafu tu, kama mimi.

Kwa hiyo nimekuja na Renārs,
miaka kumi na mmoja, mafua, soksi zisizofanana.
Mkataba wetu: akisikia, anigonge kifundo cha mkono.
Hasemi, sisemi.
Gonga. Naandika.
Gonga, gonga.
Saa mbili na dakika nane: kumi na saba.
Darubini inaniletea matawi matupu
nami nawaza, je, mtoto huyu ananihurumia?
Anagonga ili bibi asirudi na ukurasa mweupe?
Lakini nimewahi kuandika treni nisiyoiona,
kwa neno la mtu kwenye simu,
na treni ilikuja.
Nikaandika.

Kisha upepo ukageuka.
Chiriku wakapita chini chini, nusura wagonge kofia zetu,
kozi mmoja akawapasua katikati
kama mtu anayechana barua kabla ya kuisoma.
Na kidole kikanyamaza.

Dakika moja. Mbili.
Nikageuka nimkaripie.
Renārs amesimama mdomo wazi, mikono inaning'inia,
amenisahau kabisa,
na msonobari ulio mbele yake unatembea.
Wako kila kitawi, wako juu ya nyasi kavu,
mmoja ametua kwenye begi letu
anachungulia mfuniko wa chupa ya chai,
ufito wa manjano utosini, umepigwa kwa rula.
Midomo yao inafunguka, inafumba.
Kwangu ni kimya,
kama abiria nyuma ya kioo, treni imeanza kuondoka,
anakuambia neno, nawe unatikisa kichwa tu.

Nikachukua kalamu. Kwenye safu ya idadi,
ambayo sijawahi kuikubalia kitu ila tarakimu,
nikaandika: wengi.
Nikaweka saa. Nikaweka upepo.
Halafu nikamfuta mtoto kamasi kwa leso yangu,
wala hakugutuka.