Nani Yuko Macho

Saa nane na dakika saba za usiku, Famau,
uliandika maneno matatu kwenye kundi letu la Darasa la Nane:
*Nani yuko macho?*

Kundi lenyewe unalijua.
La mawaridi na "Ijumaa njema",
la dua zilizotumwa mara nyingi, mwenyewe hajulikani,
la Karisa na bei zake za simenti,
la michango: harusi, matanga, bati la shule lililong'olewa na upepo.
Miezi mitatu hukuchanga.
Nami ndiye admini. Jioni ile ile, Mungu aniwie radhi,
kidole changu kilikuwa juu ya jina lako
nikutoe.
Mwanangu akamwaga uji. Nikasahau.

Maweni umeme ulikatika, feni ikafa, mbu wakapata kazi.
Nikayaona maneno yako. Nikawaza: huyu anataka mkopo.
Nikailaza simu kifudifudi.
Sisemi haya unisamehe.
Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Aliyejibu ni Mbeyu, zamu ya usiku, wodi ya watoto:
*Mimi niko. Una nini?*
Ukatuma sauti, sekunde arobaini na moja.
Neno hamna.
Maji yakidondoka mahali, na pumzi yako
kama ya mtu aliyebeba gunia kwenye ngazi zisizokwisha.

Mbeyu hakuandika "jikaze".
Hakuleta habari za fulani mwenye shida kukushinda.
Aliuliza waziwazi, mbele yetu sote tuliojifanya tumelala:
*Famau, unafikiria kujiua?*
Nikaona haya kwa niaba yake. Neno hilo kwetu
hufunikwa kawa, kama chakula cha mgeni.
Ukajibu: *Ndio.*
Na baada ya *ndio* ukaandika, ukaandika,
hoteli iliyowafukuza bila notisi,
deni, mke aliyerudi kwao Mambrui na mtoto,
usiku usio na mlango.
Herufi zimepindana kila mstari. Hakuna aliyesahihisha.

Kahindi akaibuka, analinda ghala huko Doha:
*Hata huku ni saa nane. Niko na paka tu.*
Akatuma picha. Paka chongo, mnene, amekalia daftari la wageni.
Ukaandika *haha*.
Herufi nne. Tulizishika kama kamba ya kisima.

Pembeni, Mbeyu akaniandikia mimi:
*Wewe uko karibu. Nenda. Usiende peke yako.*

Simu haina mikono, Famau.
Huuliza, hungoja, humulika uso wa mtu gizani,
lakini mlango wa Barani hufunguliwa
na mtu aliyevaa viatu.
Karisa alikuja na pikipiki, jaketi juu ya kikoi.
Njia nzima nilisikia kundi likigonga mfukoni:
Kahindi hakukuacha, alikusimulia maisha ya yule paka
tangu alipozaliwa chini ya forklifti.

Kitasa kikalia.
Ulisimama na simu kifuani, kioo kikikumulika kidevu.
Ukasema, "Mbona mmekuja wengi?"
Tulikuwa wawili.

Hatukuhubiri. Karisa aliifunga bomba iliyokuwa ikidondoka.
Mimi nilichemsha chai isiyo na maziwa.
Alfajiri tukakupeleka kwa Mbeyu, naye akatupeleka
kwa daktari aliyekusikiliza bila kutazama saa.

Sasa kila Alhamisi unakwenda kliniki.
Walalamika dawa zinakunenepesha.
Ziko siku hujibu, nami huzitazama zile alama mbili
mpaka zigeuke buluu, mchele ukiungulia jikoni.
Mawaridi bado yanatumwa. Bado yanachosha.

Na lile bati la shule, Famau:
unadaiwa mia tisa. Usidhani nimesahau.
Lipa polepole.
Lipa hamsini hamsini.
Lipa uzeeni.