Kona ya Nne

Saa nne usiku simu inatetemeka juu ya ndoo ya mchele.
Rwechungura wa Bukoba, mteja wa wiki iliyopita:
"Kadi imefika. Kona imekunjika.
Naomba hela yangu."
Hakuna salamu. Kwa mtu ambaye hata risiti
huitanguliza na shikamoo, nikajua ameumia.

Kadi yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja cha mtoto,
moja ya zile zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za majani ya chai
enzi mjomba Hokororo anafundisha Nachingwea
na kunywa chai, nadhani, kwa ajili ya ndege tu.
Namba kumi na saba: mdiria, kifua rangi ya kutu,
mdomo chini kama msumari unaongoja nyundo.
Rwechungura anao ishirini na watatu. Alibakiza huyu.
Elfu arobaini na tano, hakuomba hata kupunguziwa,
nami hapa Mkuti nikanunua bati
la kuziba pale jikoni panapovuja.

Nilimfunga vizuri. Naapa.
Nailoni, kisha vipande viwili vya boksi la sabuni,
utepe pande zote, bahasha ya kaki,
na kwa kalamu nene: USIKUNJE.
Konda wa basi akalisoma kwa sauti, akacheka,
akamsokomeza nyuma ya kiti chake.
Mingoyo. Nangurukuru. Dar, usiku mzima kwenye rafu ya vifurushi.
Halafu safari nyingine ndefu kuliko ya kwanza.
Mikono mingapi hiyo? Niulize upi?

Nikamjibu: "Mimi nilituma nzima. Ushahidi ninao."
Ushahidi. Neno tamu usiku,
unaliandika mgongo umenyooka.
Nikaitafuta picha niliyopiga kabla ya kufunga,
mlangoni, adhuhuri, majabali ya Masasi yakiwaka kwa nyuma.
Hii hapa. Juu kushoto, safi.
Juu kulia, safi.
Chini kushoto, safi.
Chini kulia,
kidole gumba changu.

Nikaivuta picha. Kidole kikakua.
Ukucha, hina ya harusi ya Zaituni imebaki mwezi mwembamba,
na chini yake hakuonekani kitu.

Kwa nini nilishika pale?
Mtu hushika kadi popote anaposhika.
Au mkono ulikwisha kuona
jambo ambalo jicho halikutaka kuambiwa.
Nimejihoji kama anavyohojiwa mtoto sukari ikipungua,
kwa upole, kisha kwa ukali.
Sijui. Mpaka sasa sijui.

Chitanda, mwanangu, hajainua macho toka mkekani:
"Ikate, mama. Mtumie kona tatu.
Kwani atahesabu?"

Mtu aliyemtafuta mdiria mmoja miaka tisa
ana kazi gani nyingine?

Nikataka kulifuta lile neno. Tiki mbili za bluu.
Basi nikatuma picha nzima, na kidole chake,
nikaandika: "Kona hii siwezi kuisemea.
Kesho wakala akifungua narudisha yote,
na ya kutolea naweka mimi.
Kadi irudi kwa njia ileile, ukipenda."
Nikakaa nikilisikiliza bati, ingawa mvua haikuwepo.

Jibu lilikuja karibu na saa sita:
"Nirudishie ishirini. Ndege simrudishi.
Shikamoo, Bi Somoe."

Asubuhi nikamkopa jirani elfu kumi, nikajazia.
Wakala akaniuliza Bukoba nina nani.
Nikamwambia, ndege.

Leo nauza namba tisa, kwarara.
Nimemlaza sakafuni, peke yake, kona zote nne nje,
nimesimama juu yake nimekunja mikono nyuma kama askari.
Upepo ukaingia, kwarara akainuka,
Chitanda akaruka, akamwahi
kwa kidole.