Safu ya Sauti

Jedwali langu lina miji mitano na safu kumi na moja:
mshahara ukishakatwa kodi, bei ya chumba kimoja,
kibali hukaa miezi mingapi, baridi hushuka hadi wapi,
msikiti u umbali gani, muhogo wapatikana ama la.
Talini, Berlini, Toronto, Dubai, Lisboni.
Kijani heri, nyekundu shari.
Nimeiandikia kanuni ijumlishe yenyewe.
Kila usiku nikilifungua hutaja mji ule ule,
na kila usiku nabadili uzito wa safu moja
ili itaje mwingine.

Kisauni, saa tano za usiku, stima imekatika.
Modemu yapumulia betri ya pikipiki
aliyoiunga kakangu Shee kwa waya wa redio.
Naandika programu ya kukatia tiketi za tramu
kwa mji ambao sijaukanyaga.
Vituo vyake vyote navijua kwa mpangilio,
najua cha saba huchelewa siku za theluji.
Harufu yake siijui.

Na nyaya zibebazo kazi yangu
zatokea baharini hapa hapa, chini ya mchanga,
karibu na pale wageni wa hoteli hupakana mafuta.
Ulimwengu mzima hupandia nchi kavu kwetu
na hausimami hata kuuliza njia.

Badi Salim, tuliyesoma naye Tononoka,
yuko Talini mwaka wa tatu.
Hunitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili.
"Njoo, Mwanakheri. Mtandao waruka. Barua zote za serikali kwa simu.
Hakuna akuulizaye waolewa lini."
Nikausikiliza mara ya pili,
nikasikia nyuma yake: friji.
Mara ya tatu: friji tu,
yanguruma, yanyamaza, yanguruma.

Nikafukua jumbe za mwaka mzima.
Mwezi wa kwanza kuna watu wawili wanacheka naye.
Mwezi wa nne, viatu vyake juu ya theluji
kama mtu atafunaye bisi gizani.
Kuanzia mwezi wa tisa, friji.

Basi nikaanza kuipima miji kwa sikio.
Toronto, kwa binamu Nuru: treni yataja vituo kwa adabu,
na abiria kimya.
Dubai: honi, lifti, honi, kisha adhana,
na hapo nilikaribia kabisa,
ila msimamizi akamwita Faraji
na ujumbe ukakatikia katikati ya jina langu.
Berlini sina mtu. Nilitazama video ya dalali wa nyumba;
alifungua dirisha, akalifunga.
Lisboni, Tunu Shebwana anaeleza foleni ya vibali,
na nyuma yake mwanamke
anamkemea mtu kwa ajili ya sahani.
Sielewi neno hata moja.
Lakini mkemeo ule naujua:
ni wa mtu atakayekupakulia hata hivyo.

Jana nilimpigia Badi, nikiona haya
kama niliyesoma barua isiyo yangu.
Chini, muuza viazi karai alikuwa akigombana na mteja juu ya ukwaju,
watoto wa chuo wanakariri kwa pupa ili waachiwe,
mota ya kisima yakohoa,
mama aniita chakula mara ya nne.
Nikasema, "Kelele hizi, ngoja nifunge dirisha."
Akasema, "Usifunge."
Kisha, "Iweke simu hapo hapo. Wewe nenda ukale."

Nikaenda. Niliporudi, dakika arubaini zimepita,
alikuwa bado yuko hewani,
yeye na friji.

Leo nimetia sahihi.
Nikaongeza safu ya kumi na mbili, nikaiita Sauti,
kisha nikaifuta, maana Shee hulifungua jedwali hili kunicheka.
Mama akauliza, mbona huko,
si mwasema Talini ndiko kwenye pesa?
"Kodi ya nyumba, mama," nikamwambia,
na safu ile ya Lisboni ndiyo nyekundu kupita zote.
"Huko nyumba ni rahisi."
Akasema haya.
Akasema basi nifunge friji,
nimeisimamia wazi muda wote huo, wala sijachukua kitu.