Alama Ukutani

Simu ilisema: mwanamume, miaka themanini na saba,
ameanguka jikoni, hana jeraha.
Kwa maandishi, kazi ya dakika ishirini.
Mvua ya Blaenau ilipiga mapaa ya mawe
kama mdai anayehesabu sarafu zake.

Mimi niliingia na mashine.
Presha, sawa. Sukari, sawa.
Moyo unajikokota lakini haupotei njia.
Nikasema, "Bwana Bebb, uko vizuri."
"Nashukuru," akajibu, akiwa bado sakafuni.

Gwenllian hakugusa mashine.
Alifungua friji: maziwa yameganda, sahani moja, kijiko kimoja.
Akautazama mkanda wa suruali,
matundu matatu mapya, yametobolewa kwa msumari.
Kisha akanivuta hadi kwenye ujia:
kutoka kitandani mpaka chooni, usawa wa kiuno,
maua ya ukutani yamefutika,
umebaki mstari wa weusi
pale kiganja kilipokuwa kikiomba njia
usiku baada ya usiku.

Tulipomketisha, akachuchumaa mbele yake.
Hakuuliza, "Unaumwa wapi?"
Aliuliza, "Agosti ulikuwa ukifanya nini
ambacho leo hukifanyi?"

Kimya. Birika likachemka, likajizima.

"Kuku," akasema.
"Nilikuwa nawafungulia mwenyewe."

Kwenye fomu kuna ngazi, moja hadi tisa.
Niliandika tatu. Akaikata, akaandika sita.
"Hakuvunjika," aliniambia pembeni, "amepungua.
Aliyevunjika utamfunga plasta.
Aliyepungua utamfunga nini?"

Bangor magari yalikuwa tisa mlangoni.
Siku mbili kwenye korido, juu ya machela,
na miguu ile isingerudi naye nyumbani.
Basi akampigia muuguzi wa wazee, akamwamsha bila haya.
Akakunja zulia, akaliteremsha kopo la chai rafu ya chini,
akaandika nyuma ya bahasha:
*vidonge vya usingizi — daktari aulizwe, vya nini?*
Saa moja na nusu. Kituo kilituita mara mbili,
mara ya pili kwa ukali.

Sijui kama tulifanya sawa. Jumanne tutajua, au hatutajua.

Zamu ilipokwisha nilipita Porthmadog kwa mama.
Nikasema nimefuata chai.
Nilisimama ujiani muda mrefu, kikombe kikipoa,
mpaka akaniuliza kama nimeona buibui.