Vifungo

Fayvl Gutnik aliandika nyuma ya kadi za vifungo
dukani kwa mkewe, mtaa wa wafumaji, Bialystok:
kadi sita kwa hadithi, kumi na mbili ikiwa na harusi.
Dvoshe aling'oa vifungo, akaviuza rejareja
ili mumewe apate pa kuweka nukta.

Hakuandika wafalme. Aliandika mchuuzi wa siki,
mbuzi aliyewekwa rehani,
mjane anayebishana na Mungu bei ya kuni,
na Mungu akipunguza.
Wasomi walicheka: hiyo ni lugha ya jikoni.
"Kwani nyie mnakula wapi?"

Kifungo kimoja alikipata bure: miezi minane,
jela ya Grodno,
kwa hadithi ya farasi wa polisi aliyeona haya.

Leo, Buenos Aires, ghorofa ya tatu,
mjukuu wake Perla amemwaga sanduku mezani.
Hajui kusoma. Anajua tu kwamba inaanzia kulia.
Amemwita mzee Zelmanovich, mpangaji herufi wa zamani,
kucha bado nyeusi kwa wino wa magazeti yaliyokufa.

Mzee anasoma taratibu. Kadi ya tatu haipo.
Ya nne ina doa la mchuzi.
Perla anacheka kabla hajaelewa.

Kisha kimya. Kuna neno asilolijua.
Analigeuza, analionja, analirudisha.
"Waliolitumia," anasema, "walikaa mtaa mmoja."

Juu ya neno, matundu mawili ya sindano,
na uzi mwekundu,
fundo lake halijalegea.