Tarehe Ndani ya Kifuniko

"Litaishi muda gani?" aliniuliza Bi Kinuyo
siku ile gari lingali na harufu ya dukani,
na mimi, Iwakiri wa gereji ya Tobata,
nikafungua kitabu cha watengenezaji nikasoma
kama mtu asomaye hirizi ya mwenzake:
saa elfu tano za mwendo, au zaidi kidogo;
kilomita laki mbili, mradi litunzwe.
Akacheka. Miaka thelathini na mmoja
aliuguza watu kwenye mashine za kusafisha damu.
"Usinisomee kitabu. Nionyeshe utando."

Utando hauonyeshwi. Umebanwa
kati ya sahani na sahani, mia tatu na ushei,
mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Upande huu hidrojeni, upande ule hewa ya mtaani,
na kinachoruhusiwa kuvuka ni kidogo mno.
Huku umeme, huku maji.
Akaitikia kwa kichwa. Kazi hiyo aliijua:
figo nayo ni mlango unaochagua wageni.

Akawa anakuja kila Novemba na daftari lake:
tarehe, kilomita, baridi ya alfajiri.
Alijua kinacholiua si safari;
ni kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima,
ile dakika nne ya kwenda dukani,
platinamu ikimeguka chembe kwa chembe
kama sukari ukingoni mwa kikombe.
Kwa hiyo alizunguka. Kununua tofu tu
alivuka daraja jekundu hadi ng'ambo, akarudi,
ili seli zipate joto lao.
Majirani wakasema ana mpenzi Wakamatsu.
Hakuwakanusha.

Mwaka wa sita volti zilishuka kidogo.
Mwaka wa tisa kipuliza hewa kikakohoa, nikakibadilisha.
Mwaka wa kumi na moja kituo cha kujazia
kikaanza kufunga Jumatano,
kisha na Jumapili,
kisha kikabaki kibao na majani.
Akawa anakwenda Fukuoka kujaza.
"Safari ndefu ni nzuri kwa seli," alisema,
sikujua kama ni mzaha.

Utando ulishika. Hili nataka liandikwe.
Laki mbili na elfu kumi na nane, na utando ulishika.
Nilipima mara mbili nikiombea kosa,
maana ningependa kumwambia neno linaloeleweka:
umechoka, umekwisha, umefanya yake.

Ila ndani ya kifuniko cha kujazia
pana kibandiko cha rangi ya fedha, na juu yake tarehe
iliyopigwa chapa gari halijapakwa hata rangi.
Sisi siku yetu tumefichwa; tangi limeandikiwa.
Miaka kumi na mitano, basi.
Nyuzi za kaboni hazina ufa, vali haivuji,
lakini sheria haigongi tangi isikie linavyolia,
na tangi jipya ni bei ya gari jingine.

Nilimwita. Akavaa miwani, akainama.
"Siku kumi na moja," akasema.
Kisha, akiwa bado ameinama:
"Wagonjwa wangu wengi hawakwenda kwa figo.
Figo tulizishikilia. Walikwenda kwa moyo,
kwa kuteleza bafuni,
kwa mtoto aliyekuwa akiwaleta kuhamia Osaka."

Siku kumi sikumwona.
Ya kumi na moja, tukikaribia kufunga,
akaingia na mshale umelala kwenye sifuri:
muuguzi hamwagi dawa.
Magurudumu yalikuwa na jivu la mlima Aso.
Akanikabidhi ufunguo. Daftari akabaki nalo.

Kutoboa tangi ni kazi yangu, kwa drili,
ili asije mtu akalijaza tena.
Sikuanza jioni ile. Gari lilikaa
juu ya saruji yangu likidondosha maji kwa nyuma,
tone, kimya, tone,
maji safi yasiyo na ladha yoyote.
Sikuweka ndoo.
Nje nilimsikia Bi Kinuyo akimuuliza msaidizi wangu
basi la Wakamatsu linapita saa ngapi.